Ujengapo Nyumba Mpya

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki nzima kundi letu la familia halijatulia. Tunabishana juu ya nyumba ya mama kule Machame. Kaka mkubwa anataka geti la chuma na marumaru sebuleni kabla ya Krismasi, maana wageni watakuja. Mdogo wetu wa Arusha anasema mama ahamie mjini. Mama mwenyewe, aliyeulizwa wa mwisho, akasema: "Mimi naomba choo tu. Kile cha kule migombani usiku nakiogopa."

Tangu hapo Kumbukumbu la Torati 22:8 haijaniacha. Sijawahi kuusikia mstari huo ukihubiriwa, pengine kwa kuwa umebanwa kati ya kiota cha ndege na mbegu za shamba la mizabibu. Mungu anamwagiza ajengaye nyumba mpya azungushie dari ukuta, asije akaleta damu juu ya nyumba yake mtu akianguka kutoka huko. Dari za wakati ule zilikuwa bapa, watu walipanda juu kuanika na kupumzika. Sasa oneni hesabu ya Bwana: mtu akianguka pale ulipopaswa kuweka ukuta, damu iko juu ya nyumba yako. Hasemi ni bahati mbaya.

Sisi tunasema, "Ni uzee tu." Bibi katoka saa nane usiku, mvua imenyesha, njia ni utelezi mtupu, taa hakuna, wala hakuna cha kushika. Nyonga imevunjika. Mifupa ya mwanamke hupungua nguvu baada ya hedhi kukoma, kwa hiyo anguko ambalo kijana angejikung'uta na kucheka, yeye linamlaza kitandani. Akilala sana vinakuja vidonda, kisha nimonia. Cheti cha kifo kitaandikwa nimonia, lakini majirani wanaijua ile njia ya chooni.

Na wapo wasioanguka kwa sababu wameshajiwekea sheria: jua likizama, hawanywi maji. Halafu tunashangaa kizunguzungu, choo kigumu, maambukizi ya njia ya mkojo, hata kuongea mambo yasiyoeleweka, ndipo tunaita watu waje kukemea. Ndugu zangu, naamini katika maombi. Lakini kuna "mapepo" mengine yangetoka kwa kikombe cha maji na choo cha karibu.

Moshi wa jikoni nao ni vivyo hivyo. Mama aliyepikia mafiga miaka yote katika jiko lisilo na dirisha atakuwa na kikohozi na macho mekundu. Kule Usukumani macho hayo yamewaponza bikizee wengi, wakaitwa wachawi, wengine wakauawa, kumbe ni moshi. Baridi ya Julai sitaisema sana. Someni 1 Wafalme 1:1, Daudi mzee akifunikwa nguo na asipate joto, naye alikuwa mfalme.

Lililonikaba hasa ni hili. Mzee akifariki, fundi anapatikana siku hiyo hiyo. Ukuta unapigwa rangi, choo cha wageni wa msiba kinachimbwa, barabara inasawazishwa ili gari la jeneza lipite, na kaburi linapata marumaru ambazo chumba chake hakikuwahi kuziona. Michango inamiminika. Fedha hiyo ilikuwa wapi alipokuwa anatembea gizani kwa kupapasa ukuta? Yesu aliwakemea waliosema mali ni Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie wazazi wao, Marko 7. Korbani yetu siku hizi ni kamati ya mazishi. Tena Paulo hamung'unyi maneno: asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani, tena ni mbaya kuliko asiyeamini. Hayo tunawasomea vijana walevi. Leo tujisomee sisi wenye viwanja mjini.

Yule mama wa Shunemu hakumjengea nabii Elisha jumba. Alifikiria mtu atalala wapi, ataketi wapi, ataonaje usiku: kitanda, meza, kiti, taa. Kwa wazee wetu ongezeni bomba la chuma la kushika ukutani, choo cha kukaa kilicho karibu na mlango, na ngazi isiyoteleza. Geti litasubiri. Kaka akisoma hapa, shikamoo, na tutaongea.

Jumamosi akina baba wa jumuiya watatengeneza njia ya choo kwa bibi mmoja jirani yetu. Mwenye mabaki ya mabomba au nusu mfuko wa saruji alete, akina mama tutapika. Na kabla ya hapo mpigie mama yako. Ukishamwamkia, muulize usiku anajisaidia wapi. Akikujibu, "Sina neno, mwanangu," muulize tena.