Ulanzi na kitimoto, dina ya mvua Iringa

Wadau, mvua imekolea huku Iringa na anayeijua mvua ya huku anajua maana yake nini, mianzi inachipua, wagema wanaingia shamba asubuhi na jioni, ulanzi, ile pombe ya mwanzi, upo wa kumwaga. Juzi mi na shemeji yangu tukakubaliana dina yetu iwe kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, na ulanzi, bia ya chupa tuiache ipumzike. Na nataka niliongelee hili kwa kirefu kwasababu watu wengi wanauchukulia ulanzi ni pombe ya kilabuni tu, ya kukaa kwenye benchi mchana na kikombe cha plastiki, wakati mi naamini kabisa hii ni pombe ya mezani, inakaa na chakula vizuri kuliko bia nyingi tunazolipia hela ya maana.

Tulienda Kihesa, banda la kitimoto la kawaida kabisa, karai kubwa kwenye mkaa, ndizi pembeni, kibaridi cha saa moja jioni kile cha kuvaa sweta. Pale hawauzi ulanzi ila mama wa kilabu cha jirani anakuletea, mradi msosi ununue kwao. Shemeji akamsalimia kamwene, halafu hakuuliza bei, akauliza, "Mama, huu umegemwa saa ngapi?" Mama akajibu, "Wa leo asubuhi baba, umetoka Kilolo, mchana ulikuwa bado mtogwa."

Hilo ndo swali la kuuliza aisee. Ulanzi ni utomvu wa mwanzi mchanga, mgema anakata ncha ya chipukizi, anafungia mbeta pale, kile chombo cha mwanzi cha kukingia, halafu kila asubuhi na kila jioni anarudi kuchonga ile ncha tena kidogo ili utomvu uendelee kutoka. Hakuna kuchemsha, hakuna kimea, hakuna mtu anayetia hamira. Chachu inajileta yenyewe, imo hewani na imo kwenye hiyo mbeta, na sukari ya mwanzi inaanza kugeuka pombe hata kabla mgema hajafika nyumbani. Kwahiyo ule ule ulanzi asubuhi ni mtogwa, mtamu, laini, ukiuacha mpaka kesho ni mkangafu, umechachuka na una nguvu, na mtu asikudanganye kwamba ni maji ya mwanzi tu. Katikati ya hapo kuna masaa machache ambayo utamu haujaisha na uchachu umeshaingia, na kwangu mimi hayo masaa ndo ulanzi wenyewe.

Wa kwetu ulikuwa hapo hapo katikati. Ukaja kwenye jagi la lita, rangi ile nyeupe ya ukungu kama maji ya kuoshea mchele, juu povu jembamba, na ukisogeza sikio unasikia unachemka wenyewe taratibu, tsss, tsss, bado unafanya kazi. Harufu yake ina ubichi wa majani yaliyokatwa sasa hivi na chachu kwa mbali. Kwenye ulimi unaanza mtamu, katikati unakuwa mchachu, mwishoni kuna kaukakasi fulani kadogo kanabaki pembeni ya mdomo na hako ndo kanakufanya utamani nyama. Gesi yake ni ndogo ndogo, haikujazi tumbo.

Kitimoto ikaja, imekaangwa mpaka kingo zimekauka, ndizi, kachumbari, pilipili ya kukamua. Sasa sikia, unatafuna ile nyama yenye mafuta, mdomo unajaa, unashushia ulanzi na ule uchachu unafagia mafuta yote, mdomo unarudi mweupe kabisa unaanza upya. Pilipili nayo ikikuwasha, ule utamu uliobaki unaituliza. Bia ya baridi sana haifanyi hivyo, inagandisha tu mafuta mdomoni. Shemeji yeye ni mtu wa mkangafu, anasema huu wa katikati ni wa wageni, tukabishana mpaka jagi la pili, ila mi nasimama pale pale, mkangafu unywe na stori, ukiuweka na chakula unaimeza ladha ya nyama yote.

Na sisemi bia ya chupa mbaya, TBL wana kiwanda chao hapo Mbeya na Safari nitaendelea kuinywa, lakini bia ya kiwandani kazi yake ni kuwa ile ile Mbeya na Mwanza, Januari na Agosti. Ulanzi una shamba lake, msimu wake na saa yake. Tulivyokaa pale saa nzima na nusu, kikombe cha mwisho cha jagi la pili hakikuwa sawa na cha kwanza cha jagi hilo hilo, utamu ulikuwa umepungua kabisa! Wenzetu wa Mbeya nao wana kimpumu chao cha ulezi, kinanywewa cha moto kwa mrija, hiyo nayo ningependa siku moja niione kwenye meza ya chakula cha heshima.

Najua kwanini hoteli hazihangaiki na ulanzi, haukai, hauwezi kuupanga stoo wiki mbili. Lakini mahoteli ya hapa mjini yangeweza kuchukua lita chache tu kila siku msimu huu, ukiisha umeisha, mgeni aliyekuja kuona Isimila na Ruaha akapata na kitu cha huku cha kunywa jioni. Huyo mgema wa Kilolo simjui kwa sura ila namsifu hapa hadharani, na naomba tembo asilitie maji.

Ukija Iringa kabla mvua hazijakata, agiza uliogemwa siku hiyo hiyo, upange kula jioni. Na ukitaka kubeba kwenye basi kupeleka Dar, usijaze dumu mpaka juu na usikaze kifuniko, acha upumue, la sivyo dumu litavimba na kabla ya Mikumi abiria wote watakuwa wameshajua umebeba nini.