Jinsi jenereta yangu kuukuu ilivyokubaliana na petroli yenye ethanoli

Nilipoanza kutumia petroli iliyochanganywa na ethanoli, pombe inayotengenezwa kwa mazao kama miwa na mahindi, katika jenereta yangu ya zamani, karibu kila aliyejua kushika spana alinionya niikimbie, eti pombe huua injini. Leo jenereta hiyo huwaka kwa mvuto wa kwanza kwa mafuta hayohayo, nami nasema bila kusita kwamba adui wa injini ni maji na mafuta yaliyolala muda mrefu.

Ethanoli hupenda maji. Maji yakiingia kwenye petroli tupu hutuama chini, lakini mchanganyiko wenye asilimia 10 ya ethanoli huyanywa, hata unyevu wa hewani, hadi yafikie takriban nusu ya asilimia moja. Yakizidi hapo, ethanoli huiacha petroli, huungana na maji na kushuka nayo hadi chini kabisa ya tangi, palepale injini inapofyonza. Ndivyo ilivyokuwa kwangu baada ya jenereta kukaa msimu mzima wa mvua bila kuwashwa. Bakuli la kabureta, kifaa kinachochanganya mafuta na hewa, lilikuwa limeota unga mweupe, jeti, yaani kitundu chembamba cha kupitishia mafuta, imeziba, na mpira wa kupitishia mafuta umevimba na kulegea kama utumbo.

Fundi mmoja alinishauri nimimine spiriti tangini ili imeze maji. Ushauri huo niliujaribu nje ya injini kwanza: nilichota mafuta ya chini ya tangi, nikayatia katika chupa ya kioo, nikaongeza spiriti na kutikisa kwa nguvu. Kwa muda mfupi yote yalikuwa ukungu mtupu, nikadhani fundi amesema kweli, kisha mstari unaotenganisha petroli na tabaka la chini la maji na pombe ukajichora upya taratibu, na tabaka la chini likawa nene kuliko mwanzo. Nilitoa mafuta yote, na hadi leo hunikera kusikia ushauri huo ukirudiwa.

Jaribio hilo lilinipa hila ninayojivunia. Chukua bomba la kioo lenye vipimo, tia maji hadi alama ya 10, ongeza petroli hadi 100, ziba, tikisa, halafu subiri mbali na moto. Maji huivuta ethanoli yote kwao, hivyo mstari ukipanda hadi 19, sehemu 9 kati ya 90 za petroli yako zilikuwa ethanoli, yaani asilimia 10. Tangu hapo hakuna muuzaji anayenieleza kwa mdomo kilichomo ndani ya dumu.

Faida zake ni za kweli. Ethanoli ina oktani, yaani uwezo wa mafuta kutolipuka kabla ya wakati wake, ya juu kuliko petroli ya kawaida, hivyo hupunguza kugonga kwa injini, na oksijeni iliyomo ndani yake husaidia mafuta kuungua vizuri. Hata hivyo, lita moja ya ethanoli ina nishati pungufu kwa takriban theluthi moja, kwa hiyo mchanganyiko wa asilimia 10 hukugharimu kama asilimia 3 ya mwendo. Zao nalo lina uzito wake: Brazil, iliyoanza mpango wake mwaka 1975, hutumia zaidi miwa, ambayo makapi yake huchomwa kuendesha kiwanda chenyewe, ilhali Marekani hupeleka viwandani zaidi ya theluthi moja ya mahindi yake, zao linalomeza mbolea nyingi. Mimi naiunga mkono ya miwa; ya mahindi inanitia shaka.

Mpira niliubadilisha kwa ule unaohimili ethanoli. Chujio la akiba ni la lazima, kwa sababu tangi za mwanzo za mchanganyiko huu huyeyusha utando wa miaka mingi na kuusukuma wote mbele. Sinunui mafuta ya kukaa zaidi ya wiki chache, na kabla ya kuiweka jenereta nafunga koki na kuiacha injini iunguze yaliyobaki kwenye kabureta mpaka izime yenyewe.