Kitabu Kilichojirudisha Maktaba

Kazi ya kusafisha ofisi usiku inachosha mikono, kiuno na miguu, lakini masikio inayaacha yakae bure. Nami kwetu Tanga nilikuwa msomaji. Nilipofika Columbus, Ohio, nikawa mtu wa kupitiwa na usingizi ukurasa wa pili, kitabu kimenilalia usoni. Ndiyo maana majira yale ya baridi nilikwenda kuchukua kadi ya maktaba.

Maktaba kuu ya Columbus ni jengo la mwaka 1907, lilijengwa kwa fedha za tajiri Andrew Carnegie, na juu ya mlango wamechonga kwamba liko wazi kwa wote. Sikuyaamini sana maneno hayo, maana Marekani kila kilicho wazi kina fomu yake. Kumbe dada wa mapokezi alitaka kitambulisho na karatasi yenye anwani tu. Nikampa bili ya umeme, yakaisha. Ada hakuna, na faini za kuchelewesha walishazifuta tangu 2017. Akanielekeza kuweka programu ya Libby kwenye simu: unaingiza namba ya kadi, unapakua kitabu cha kusikiliza kwa intaneti ya palepale maktaba, kazini husumbui bando lako.

Nilianza kwa kutafuta vya Kiswahili. Nilichopata ni masomo ya kumfundisha mgeni kusalimia, sauti ikinihimiza nirudie "hujambo" taratibu. Nikacheka peke yangu, nikahamia riwaya za upelelezi za Kiingereza.

Basi nikawa napiga deki na spika moja sikioni, ya pili inaning'inia, maana msimamizi akikuita usipoitika ni kesi. Mwenzangu wa zamu alikuwa mama mmoja wa Bukavu, Kongo.

"Dada, unasikilizaka nini? Mahubiri?"

"Kitabu, Mama."

"Kitabu kinasemaka?"

Nikampa habari: mwanamke tajiri kafa katika nyumba ya kando ya ziwa, madirisha yamefungwa kwa ndani, na kila aliyelala humo ana sababu yake ya kumuua. Kuanzia hapo, kila mapumziko, tukimimina chai kutoka kwenye chupa yake, nilimsimulia nilipofika. Upelelezi ukawa wake. Alimshuku daktari wa familia tangu mwanzo, kwa sababu, alisema, munganga anayekuja bila kuitwa kuna kitu anatafuta.

Usiku wenyewe tulikuwa ghorofa ya nne. Mpelelezi alishawakusanya wote sebuleni. Nikasimamisha hapo, nikamalizia vyoo kwanza, tusikie mwisho pamoja. Saa nane, chai imeshamiminwa, nafungua simu: kitabu hakipo. Muda wa kuazima umeisha, kimejirudisha chenyewe. Nikabonyeza kuazima tena, nikaambiwa nisubiri wiki kadhaa.

"Kiko wapi?"

"Kimerudi maktaba, Mama."

"Nani alikipeleka?"

Nikamweleza kama nilivyoelezwa. Kitabu cha kusikiliza kwenye simu nacho maktaba hukinunulia leseni, na kopi moja anaazima mtu mmoja kwa wakati, sawa na cha karatasi. Siku zikiisha kinakwenda kwa anayefuata, na kama kuna wanaosubiri, huongezewi.

"Kitu haina karatasi, inaisha namna gani?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo naona ana hoja. Wachapishaji huziuzia maktaba leseni hizo kwa bei kubwa kuliko anayouziwa msomaji wa kawaida, halafu sisi tunapanga foleni ya kitu kisichoshikika.

Aliyetuokoa ni mlinzi wa jengo, kijana wa chuo. Alisema mkazi wa Ohio anaruhusiwa kuwa na kadi ya maktaba ya Cleveland pia, hata kama anaishi huku kwetu, mwendo wa saa mbili kwa gari, na Libby inapokea kadi zaidi ya moja. Niliomba asubuhi hiyohiyo kabla sijalala. Nilipoipata na kutafuta kitabu chetu, kilikuwepo, hakuna hata mtu mmoja kwenye foleni.

Tulikisikiliza kwenye ngazi za dharura, spika moja kwake, moja kwangu, nikisimamisha kila baada ya aya kumtafsiria. Muuaji alikuwa mpishi. Mama akakataa katakata. Mpelelezi amelishwa rushwa, alisema, na kama mpishi alikuwa ghorofani anaua, ile chakula ya usiku ilipikwa na nani? Tukarudisha nyuma tukasikiliza upya. Kusema kweli, mwandishi hakulieleza hilo.

Akaniuliza kama vipo vya Kifaransa. Vipo. Jumamosi nikampeleka, yeye na bili yake ya gesi, akaazima viwili. Wiki iliyofuata akanikataza kumsemesha wakati wa deki.