Mwenza aliyetoka mapema

Ilikuwa ova ya mwisho, yaani mipira sita ya mwisho, ya mechi ya kriketi ya vilabu jijini Dar es Salaam, mwaka 2023, nami nilikuwa mwamuzi nyuma ya vijiti vya upande wa mrushaji. Ilibaki mipira miwili, mikimbio minne ikitakiwa. Mpigaji mwenza, yule ambaye hakuwa akirushiwa, alikuwa kijana mwepesi. Tangu ova ianze, alama za meno ya viatu vyake zilikuwa zikisogea mbele kwenye vumbi, kila moja mbali zaidi na mstari wa chokaa.

Mstari huo uko mita 1.22 mbele ya vijiti, na hadi mstari wa pili, anakokimbilia mwenza, ni mita 17.68. Mwenza hatakiwi kuuacha kabla mpira haujarushwa. Anayetangulia mita moja na nusu amejipunguzia karibu sehemu moja ya kumi na mbili ya safari, katika mchezo ambao mtu hutolewa kwa upana wa kiganja.

Mrushaji akaja mbio. Mkono ukiwa bado kiunoni, akasimama, akageuka, akagusa vijiti kwa mpira. Vipande viwili vya juu vikaanguka.

"Vipi, mwamuzi?"

Gongo la mwenza lilikuwa hewani, mguu wake hatua nzima nje. Nikainua kidole: ametolewa.

Hapo ndipo warushaji wengi hukosea: hungoja mno. Mkono ukishapita kileleni, nafasi imekwisha. Adam Zampa, mrushaji wa Australia, alinyimwa hivyo Melbourne, Januari mwaka huohuo, ingawa mwenza alikuwa ameshatoka kweli.

Nahodha wa wapigaji akanijia mbio. "Kaka, si angemwonya kwanza?"

Sheria haidai onyo. Tena tangu Oktoba 2022 tendo hili limetolewa kwenye sheria ya mchezo usio wa haki, likawekwa pamoja na kutolewa mbioni kwa kawaida, yaani vijiti kuangushwa mpigaji akiwa nje ya mstari. Siku chache kabla ya hapo Deepti Sharma wa India alikuwa amemtoa Charlie Dean wa England hivyo pale Lord's, uwanja wa London, na lawama zote zikamwangukia yeye. Vinoo Mankad wa India naye, kwa kumtoa Bill Brown wa Australia hivyohivyo Sydney mwaka 1947, jina lake liligeuzwa kuwa jina la kashfa la tendo hili, ilhali Don Bradman, nahodha wa Brown mwenyewe, alimtetea. Mimi naona hao wameonewa. Aliyetoka mapema ndiye aliyejichukulia asichostahili. Mrushaji alikuwa mahali pake.

Nilimweleza nahodha kwa ufupi, kisha nikamgeukia mwandishi wa alama: ametolewa mbioni, mrushaji asiandikiwe wiketi, yaani sifa ya kumtoa mpigaji, na mpira usihesabiwe. Kwa hiyo mipira ilikuwa bado miwili.

Mwenza mpya akaingia. Akalaza gongo, ncha yake ndani ya chokaa, macho kwenye mkono wa mrushaji, na hakuunyanyua mguu hadi mpira ulipoondoka vidoleni.