Buti za ngozi ya kondoo ni viatu vya ufukweni

Msichana anayekatiza Shangani jioni akiwa amevaa kaptula na buti za ngozi ya kondoo huchekwa kwa sababu moja: watu huamini kwamba viatu hivyo ni vya nchi za theluji, na kwamba anayevivaa Mtwara, ambako jasho humtoka mtu akiwa amekaa tu kivulini, anaiga asichokijua. Maneno hayo nimeyasikia sokoni, nimeyasikia kwenye bajaji, na mwisho nikayasikia kwa dada yangu, ambaye binti yake alinunua jozi ya rangi ya kahawia na kuanza kuivaa kila jioni bila kujali nani anamtazama. Mimi buti hizo sizivai na sina mpango wa kuzivaa, lakini nadhani wanaocheka wameanzia mahali pasipo.

Katika familia nyingi za huku kusini neno la mjomba lina uzito wake, kwa hiyo dada aliniita nije kumsema mtoto. Nilimkuta barazani, buti miguuni, akimenya korosho. "Shikamoo mjomba," alisema, "najua umetumwa." Nilimwuliza kama miguu haimwungui. Akanijibu kwamba mchana hazivai, jioni hazimsumbui, na kwamba tangu alipozizoea ameona jinsi raba zake zilivyokuwa zikimbana miaka yote. Nilikaa, nikala korosho, na kazi niliyotumwa ikaishia hapo.

Historia ya viatu hivi iko upande wake kuliko upande wa mama yake. Asili yake ni Australia na New Zealand, nchi zenye kondoo wa sufu kwa mamilioni. Kondoo wa aina ya merino waliingia Australia mwaka 1797, na tangu hapo ngozi yenye manyoya haikuwa kitu adimu kwa watu wa mashambani. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakata manyoya walikuwa wakivaa buti za namna hiyo, na marubani wa Vita Kuu ya Kwanza nao, ambao ndege zao zilikuwa wazi na upepo uliwapiga moja kwa moja, walivaa buti zilizotandikwa manyoya ya kondoo ndani. Hata hivyo waliozitoa shambani na kuziingiza mjini hawakuwa wafugaji wala askari, bali vijana wa pwani wanaoteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Bahari ya kusini mwa Australia ina maji baridi, na katika miaka ya 1960 vijana hao walipotoka majini miguu ikiwa imekufa ganzi waliitumbukiza kwenye buti za manyoya, bila soksi, mchanga ukiwa bado unawanata. Kwa hiyo umaarufu wa buti hizi ulianzia ufukweni, kwenye miguu ya watu waliovaa nguo za kuogelea.

Hatua ya pili nayo ilikuwa ya pwani. Mwaka 1978 kijana mmoja wa Australia, Brian Smith, ambaye naye alikuwa mpenzi wa mchezo huo wa mawimbi, alizipeleka California ya kusini, mahali penye jua, mitende ya mapambo na watu wanaotembea nusu uchi. Theluji haipo. Wateja wake wa mwanzo walikuwa wenzake wa ufukweni, na biashara ilikwenda polepole hadi mwaka 1995, alipoiuza kampuni yake ya UGG kwa kampuni ya Marekani iitwayo Deckers. Katika miaka hiyo ya 1990 mwigizaji Pamela Anderson alikuwa akizivaa ufukweni akisubiri zamu yake ya kuigiza, akiwa na vazi la kuogelea juu na manyoya chini, na picha hizo zilifanya kazi ambayo hakuna tangazo la kulipiwa lingeweza kuifanya. Mwaka 2007 mwanamama huyohuyo, ambaye ni mtetezi wa wanyama, alitangaza kuziacha baada ya kutambua kwamba ngozi ile ni ngozi kweli, jambo ambalo mtu wa kijijini kwetu angelijua kwa kuigusa tu. Mtangazaji wa televisheni wa Marekani, Oprah Winfrey, alizisifu katika kipindi chake mwaka 2000, na baada ya hapo mahitaji yakapanda kiasi kwamba jozi zilikuwa zikiisha madukani kabla ya baridi kuanza.

Siri ya utamu wake iko kwenye ngozi yenyewe. Ngozi ya kondoo hutengenezwa pamoja na manyoya yake, kisha upande uliokuwa wa nyama husuguliwa hadi uwe laini kama mahameli, na upande huo ndio unaokaa nje ya kiatu. Manyoya, ambayo hupunguzwa hadi urefu wa takriban milimita 17, hubaki ndani yakiukabili mguu. Unyoya wa sufu umejikunjakunja, na katika mikunjo hiyo hewa hukaa bila kusogea, ndiyo maana joto la mguu halipotei upesi. Zaidi ya hapo, sufu hunywa mvuke wa jasho hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla ya mtu kuhisi kwamba imelowa, na hilo ndilo linalomwezesha mvaaji kukaa bila soksi kwa saa kadhaa pasipo kuhisi utelezi ule unaoujua kila aliyewahi kuvaa raba za plastiki mwezi wa Februari. Mpwa wangu hakuyajua maelezo haya, lakini miguu yake iliyajua. Kondoo wa kwetu, niseme kwa kupita, hawezi kututengenezea buti za namna hii, kwa kuwa kondoo wengi wa asili wa Afrika Mashariki wana nywele fupi badala ya sufu.

Lakini raha ya mguu peke yake haitoshi kukifanya kitu kuwa mtindo. Blanketi nalo lina raha, na hakuna anayetoka nalo mjini kujionyesha. Kinachozipa buti hizi mvuto, kwa maoni yangu, ni kwamba hazijaribu kuwa nzuri. Hazina kisigino, hazina kiuno, hazina kidole kilichochongoka. Mguu wa mrembo na mguu wa mbeba mizigo ukiingia humo unatoka na umbo lilelile la gogo. Anayezivaa hadharani anatangaza kwamba yeye hana haraka, hana bosi anayemsubiri na wala hajali sana anavyoonekana, na kutokujali huko, kwa vijana waliokulia kwenye picha za simu, kuna thamani kubwa kuliko urembo wa kujitesa. Tuliona jambo hilihili kwa yeboyebo, ambazo zilianza kama viatu vya kwendea chooni na shambani, tukazicheka, kisha tukawaona watu wakienda nazo harusini wakiwa na suti. Kiatu kibaya kikivaliwa na mtu anayejiamini huacha kuwa kibaya, ila mtu huyo lazima awe wa kwanza au wa pili; akiwa wa elfu moja hakuna anayemtazama.

Ndivyo ilivyotokea. Baada ya kuvaliwa na kila mwanafunzi wa Marekani na Uingereza katika muongo wa kwanza wa karne hii, buti hizi zilichosha, na kwa miaka kadhaa waandishi wa mitindo walizitumia kama mfano wa mtu asiyejua kuvaa. Ugonjwa wa Uviko ulipowafungia watu majumbani mwaka 2020, viatu vya nyumbani vikapata heshima upya, na watengenezaji nao wakatoa maumbo mafupi yasiyofika juu ya kifundo cha mguu pamoja na ndala za manyoya zenye soli nene, na hayo ndiyo yaliyozagaa TikTok na Instagram na kufika mpaka Mtwara. Katika mwaka wa fedha uliomalizika Machi 2024, mauzo ya UGG peke yake yalizidi dola za Marekani bilioni 2. Fedha hizo ni nyingi mno kwa kiatu ambacho miaka michache kabla kilikuwa kikitangaziwa kifo.

Huku kwetu nyingi huja kwenye belo za mitumba, na mama mmoja ninayenunua kwake viatu alinionyesha namna anavyozitenganisha halisi na bandia. Kwanza aliingiza mkono ndani, akayapanua manyoya kwa vidole viwili hadi chini kabisa. "Angalia, kaka. Hii ngozi yenyewe, manyoya yameota humohumo." Kisha akachukua nyingine, akayapanua vilevile, na chini yake kikaonekana kitambaa chenye matundu madogomadogo kama wavu, ambamo manyoya ya plastiki yamefumwa. Kwa mteja asiyeamini huchomoa unyuzi mmoja na kuuwasha kwa kiberiti: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika mkononi, ilhali plastiki huyeyuka na kuwa punje ngumu. Baada ya hapo alikigeuza kiatu, akakiweka juu ya meza na kukitazama kwa nyuma. Kisigino kilikuwa kimelalia ndani. Jozi hiyo aliiweka pembeni, kwenye fungu la bei ya chini.

Kasoro hiyo ya kisigino si ya jozi moja. Buti hizi ni laini kila upande, hazina kitu kigumu cha kukishika kisigino wala cha kuunyanyua upinde wa unyayo, na madaktari wa miguu wamekuwa wakizilalamikia kwa muda mrefu kwamba mtu akizifanya kiatu cha kutwa nzima, mguu hulegea na kuegemea ndani. Zilitengenezwa kwa ajili ya mtu aliyemaliza kazi, na kuzivaa kwenda kazini, tena kazi ya kusimama dukani au darasani, ni kuzidai lisilo lao.

Kuhusu bei sitasema mengi. Jozi mpya ya umbo la kawaida huuzwa Marekani kwa zaidi ya dola 150, kwa hiyo nyingi za mpya zinazoletwa kutoka Kariakoo kwa bei ya ndala mbili tatu ni za plastiki, hata kama jina limeandikwa vizuri kisiginoni. Jina lenyewe, "ugg", lina ugomvi wake: Australia hilo ni neno la kila mtu, na mwaka 2006 mamlaka za nchi hiyo ziliruhusu viwanda vidogo vilitumie, lakini katika nchi nyingine nyingi Deckers imelishikilia, na mtengenezaji mmoja wa Sydney aliyeuza jozi chache Marekani kupitia intaneti alishindwa kesi mbele ya baraza la wazee wa mahakama huko Chicago mwaka 2019. Mimi namwonea huruma mtengenezaji huyo. Kushitakiwa kwa kukiita kiatu jina ambalo mtaa wenu mzima umekuwa ukikiita ni jambo linaloudhi, hata kama sheria imefuatwa.

Sasa nirudi kwenye hewa yetu, kwa kuwa hapo wanaocheka wana hoja ambayo wao wenyewe hawaitoi. Tatizo la Mtwara si joto bali ni unyevunyevu na chumvi. Sufu ile inayonywa jasho la mguu hunywa pia mvuke wa hewani, na buti iliyofungiwa kabatini miezi ya masika bila kuvaliwa hutoka na madoa ya ukungu na harufu isiyoondoka. Upande wa nje, kama haukupakwa kitu cha kuzuia maji, hulowa kwa tone dogo tu na kuacha alama. Maji ya bahari yakikauka juu yake huacha mstari mweupe wa chumvi ambao ukisuguliwa kwa nguvu unaharibu na ngozi yenyewe. Mpwa wangu alilijua hilo baada ya kuteremka na buti zake kutoka kwenye boti ya Msangamkuu. Dawa ni kulipangusa doa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kuzijaza magazeti ndani ili umbo lisianguke, kuzianika kivulini penye upepo na kuzipiga brashi zikishakauka. Juani ngozi hukakamaa, na kwenye mashine ya kufulia kiatu kinakwisha kabisa. Vijana wa California huzivaa baada ya bahari, wakiwa wameshajifuta, na siku yao ya ukavu ni ndefu kuliko yetu.

Newala ni habari nyingine. Kule juu, Uwanda wa Makonde unapokatika na kulitazama bonde la Ruvuma, ukungu wa Juni na Julai huingia mpaka ndani ya nyumba na watu hulala na masweta, kwa hiyo buti ya manyoya haihitaji kutetewa na mtu. Yule mama wa mitumba huzitunza jozi alizoshindwa kuziuza mjini na kumpelekea mdogo wake huko ikifika Mei. Wateja wao wa Newala, aliniambia, wengi si vijana wa mitindo bali ni walinzi wa usiku na akina bibi. Walinzi huzivaa kama zilivyo, na akina bibi huzipeleka kwanza kwa fundi viatu azikate shingo, zibaki ndala za manyoya za kuvaa ndani, bila kujua kwamba ndala za namna hiyo ndizo wanazozigombania wajukuu zao kwenye simu.