Kozi wa Amur: njia imefika Tsavo

Ninachora ramani ya safari ya kozi wa Amur, ndege mwindaji mdogo anayehama. Kipande cha Bahari ya Arabu kimekwisha, na sasa mstari umeingia Kenya. Nukta ninazochora, yaani mahali kifaa cha setilaiti kilipoonyesha ndege yupo, ni za kozi mmoja tu, kwa hisani ya mtafiti aliyeniruhusu kuzitumia.

Kwa wasiomjua: kozi wa Amur ana gramu 150 hivi, huzaliana Siberia na kaskazini mwa China, kisha huvuka bahari kutoka India hadi Somalia bila kutua, akielekea kusini mwa Afrika. Huku Voi huwa tunawaona Novemba na Desemba. Mwaka 2013 watatu walifungwa vifaa vya setilaiti Nagaland, India, wakaitwa Naga, Wokha na Pangti. Mwaka mmoja kabla, kwenye bwawa la Doyang, ndege hawa walinaswa kwa nyavu kwa makumi ya maelfu. Watu wa kijiji cha Pangti waliacha uwindaji huo, na jina la kijiji chao likasafiri na ndege hadi Afrika. Nawaheshimu sana watu wale.

Kifaa chenyewe kina gramu 5 na paneli ndogo ya sola, na ndege hukibeba mgongoni kwa mikanda laini. Hakina GPS. Setilaiti za Argos, mfumo wa kufuatilia vifaa kama hivi, hukisia kilipo kwa kupima masafa ya mawimbi yanavyobadilika zinapopita juu, kama honi ya lori inavyobadilika likikupita barabarani. Ndiyo maana kila nukta ina daraja la usahihi. Daraja la 3 kosa lake hukadiriwa kuwa chini ya mita 250. Daraja la 0 hupita kilomita moja na nusu. A na B hazipewi kikomo cha kosa. Tena kifaa huzima kwa saa nyingi kuchaji betri. Basi juu ya bahari nimechora mstari wa vidoti kila palipo na pengo. Ramani nyingi huweka mstari mnene, msomaji akadhani ndege alionekana njia nzima, na hilo silikubali.

Kifaa husema ndege yuko wapi, hakisemi amefuata nini. Jumamosi, baada ya mvua ya usiku, jirani yangu alinipigia: "Mwalimu, kumbikumbi wametoka." Nikaendesha hadi karibu na uzio wa hifadhi. Kozi walikuwa wengi, wa kijivu, kwapa nyeupe, miguu ya rangi ya chungwa. Walinyaka kumbikumbi kwa kucha na kula hukohuko hewani, mbawa zikidondoka kwenye boneti ya gari.

Hatua inayofuata ni kuweka data ya mvua ya CHIRPS (makadirio ya mvua yanayotumia setilaiti na vituo vya kupima mvua) chini ya nukta kwenye QGIS, programu ya kuchora ramani. Nataka kuona kama kozi wangu alikawia pale mvua iliponyesha siku chache kabla. Nitatumia daraja la 3, 2 na 1 pekee, hata zikibaki nukta chache.