Maji na Meza Usiku Mmoja

Wakatoliki wengi tuliobatizwa wachanga tumekaa miaka minane, tisa, hata kumi kati ya kisima cha ubatizo na komunyo ya kwanza, na kwa ajili hiyo tunaziona sakramenti hizi kama vitu viwili visivyohusiana. Mimi nilifunguka macho mkesha mmoja wa Pasaka, nikihudumu sakristia misheni ya Bagamoyo, pale ambapo tangu 1868 Wamisionari wa Roho Mtakatifu walikuwa wakiwafundisha dini watumwa waliokombolewa. Miongoni mwa wakatekumeni, yaani watu waliokuwa wakijiandaa kubatizwa, usiku ule alikuwamo bibi mmoja kutoka upande wa Kaole.

Siku chache kabla, katekista aliwaagiza kina mama wafumue nywele. Nywele zikisukwa zikabana, maji huteleza juu ya misuko yasifike kwenye ngozi, na kinachotakiwa kuoshwa ni mtu mwenyewe. Kulowesha kidole na kupaka paji la uso hakutoshi. Maji lazima yatiririke. Bibi akavua kilemba, akainama. Padri akamwaga mara tatu, bila haraka: “Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.” Maji yakapita kwenye mvi, yakafuata makunyanzi ya paji, yakadondoka puani. Maneno hayo hayabadilishwi. Mwaka 2020 Roma ilitamka kwamba anayesema “Tunakubatiza” hajabatiza, kwani anayebatiza ni Kristo kwa kinywa cha mhudumu wake, si jumuiya iliyokusanyika.

Akavikwa vazi jeupe, msimamizi wake akamwashia mshumaa kutoka mshumaa wa Pasaka, na padri yuleyule akampa kipaimara, sakramenti ya kuimarishwa kwa Roho Mtakatifu, kwa krisma: mafuta ya mzeituni yaliyochanganywa na manukato, yakabarikiwa na askofu.

Ndipo ikaja meza. Hostia, mkate wa komunyo, ni unga wa ngano na maji, bila chachu. Muhogo wala mtama haufai, hata pale ngano inapokuwa shida. Divai ni ya zabibu, ikatiwa tone la maji. Anayepokea mkononi huweka kiganja cha kushoto juu ya cha kulia, kisha cha kulia ndicho kinachopeleka mdomoni. Bibi hili lilimkaa vibaya tangu mazoezini. “Mwalimu, kwetu kitu cha heshima hakipokewi kwa kushoto.” Katekista akamjibu, “Basi pokea kwa ulimi, bibi, ruhusa ipo.” Akafanya hivyo, na “Amina” yake ilisikika hadi benchi za nyuma.

Hapo niliuelewa uhusiano wa ubatizo na komunyo: aliyezikwa na kufufuka na Kristo majini analishwa papo hapo, kwa kuwa mtoto akizaliwa hulishwa. Ubatizo hupokewa mara moja tu, haurudiwi. Ekaristi, yaani komunyo, hurudiwa hadi kufa, na katika saa ya kufa huitwa komunyo ya njiani.

Kwenye daftari la ubatizo katekista akaandika jina, wazazi, msimamizi na padri. Safu ya kipaimara, ambayo kwa wengi wetu hukaa tupu kwa miaka, ikajazwa tarehe ileile.